Kabla ya kuigusa nyumba ya babu, nendeni mkalione jumba la Tharia Topan

Tunaorudi Unguja kutoka Maskati, London au Toronto, wengi wetu tuna nyumba ya mawe Mji Mkongwe inayotungoja, na haraka ya kuitengeneza kabla likizo haijaisha. Haraka hiyo ndiyo inayoziua nyumba zetu. Piteni kwanza barabara ya Mizingani, mkaliangalie vizuri lile jumba linalotazamana na bandari, lenye roshani za mbao za nakshi na vioo vya rangi, maarufu kwa jina la Dispensari.

Ujenzi wake ulianza 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria. Mwenyewe ni Tharia Topan, Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia aliyekuja kutoka Kutch, India, angali mtoto, akatajirika, akawa mshauri wa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, na msimamizi wa forodha. Alikusudia hospitali ya maskini. Akafariki 1891 jengo halijaisha. Mjane wake akaliendeleza hadi 1894, lakini hospitali yenyewe haikufunguliwa. Baadaye likaangukia katika mali ya Nasser Nur Mohamed, chini pakawa zahanati na juu nyumba za kupanga. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa la serikali, likachakaa hadi likabaki tupu, na katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalifufua kwa ufundi wa jadi.

Mkishalitazama, rudini nyumbani mkaanzie darini. Maji ndiyo adui. Bati likitoboka au mlizamu ukiziba, maji hushuka ndani ya ukuta na kuozesha vichwa vya boriti, pale hasa zinapoingia kwenye mawe, pasipoonekana. Chukueni msumari mrefu mkauchome hapo: ukizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, boriti imekwisha hata kama katikati inang'aa. Boriti za mkoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba. Msibomoe ukuta wa kati mpate ukumbi. Ukuta huo ndio umebeba sakafu ya juu.

Kisha ukuta wenyewe. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene wa nusu mita au zaidi, na unapumua: unyevu unaingia, unatoka. Fundi akiupiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani na chumvi inalila jiwe. Gongeni kwa kifundo cha kidole. Palipo na mlio mtupu, lipu imeshaachana na ukuta. Iondoeni polepole kwa patasi na nyundo ndogo, ukuta ukauke, ndipo mrudishe chokaa: sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa kwa sehemu tatu za mchanga. Mchanga wa pwani msiutumie, una chumvi. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, na lifunikwe magunia yenye maji kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa ikikaushwa na jua upesi inapasuka na kuwa unga.

Karatasi nazo zina kazi yake. Hakikisheni kama nyumba ni ya mirathi, ya wakfu, au ilichukuliwa baada ya 1964. Kama ni ya mirathi, warithi wote wakubaliane kwa maandishi. Nyumba nyingi zinaanguka huku ndugu wa Dubai anamngoja ndugu wa Mombasa. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kinahitajika kabla ya kugusa chochote, hata dirisha. Wengine huona ni usumbufu. Lakini Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililojengwa 1883, iliporomoka sehemu yake Disemba 2020 matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu wakafa. Jengo lililoachwa muda mrefu halivumilii kubahatisha.

Kazi ya nje ipangeni baada ya masika, kuanzia Juni, kwani mvua ya Aprili huosha chokaa mbichi yote.