Mashua ya baba

Nimetoka ufukweni Bagamoyo sasa hivi. Mchanga bado uko viatuni.

Nilifuata samaki tu. Nikakuta ndugu wawili wanabishana juu ya mashua ya marehemu baba yao. Mbao karibu zote zimeshabadilishwa, mlingoti nao mpya.

"Hii si ya baba tena."
"Ni ileile!"

Mzee fundi alikuwa akiikalafati, hakuinua hata kichwa.

"Wanangu, tuseme ni ileile. Au tuseme ni nyingine. Kwa kusema hivyo, usiku wa leo itapunguza kuingiza maji?"

Kimya.

Nikacheka peke yangu. Hiyo ni pragmatizimu! Mwanafalsafa Charles Peirce wa Marekani aliweka msingi wake mwaka 1878: maana ya wazo itafute kwenye matokeo yake. Mwenzake William James, mwaka 1907, akasimulia watu waliogombana kama mtu anayeuzunguka mti amemzunguka na kindi aliye kwenye mti huo, anayehama naye ili abaki amejificha upande wa pili. Akawaambia, inategemea kwa vitendo mna maana gani mkisema "kuzunguka".

Mzee hajamsoma yeyote kati yao, nadhani. Alipitisha kiganja kwenye maungio ya mbao, polepole, akasikiliza kwa vidole. Akaongeza pamba pale pale.

Mdogo mtu akauliza kwa sauti ya chini:

"Sasa babu, kama ni ya baba, dada zetu si wana fungu lao?"

Hapo mzee akaweka nyundo chini.

Nyie mngemjibuje?