Linux ya kazi moja: nilivyojenga imeji ya kulinda friza za samaki

Simu zilikuwa zinakuja alfajiri, na karibu kila mara ni siku ambayo umeme ulikatika usiku. "Mwanangu, ile mashine yako imezima tena." Anayepiga ni mama mmoja hapa Tanga mwenye friza tatu kubwa za samaki. Nilikuwa nimemfungia Raspberry Pi Zero W, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye vipima joto vitatu, ili umeme ukirudi atumiwe ujumbe: friza ya kwanza ina nyuzi kadhaa, ya pili kadhaa, ya tatu kadhaa. Ajue kama alale au aende kuhamisha samaki. Lakini umeme ulipokuwa unarudi, mashine yenyewe haiwaki. Ilikuwa inaandika kwenye kadi ya SD pale umeme ulipokatika, na mafaili yameharibika.

Nilikuwa nimeweka Raspberry Pi OS nzima, mfumo wa Linux wa kawaida wa kompyuta hizo, kwa kazi ya kusoma namba tatu kila dakika. Ndani yake kulikuwa na huduma nyingi zinazoandika kwenye kadi usiku na mchana, na wala sikuzihitaji. Nikaamua kuhamia Buildroot.

Buildroot haikupi mfumo uliokwisha tengenezwa. Inakupa menyu. Unachagua unachotaka, yenyewe inashusha msimbo wa kila programu, inaujenga kwa ajili ya prosesa ya kifaa chako, mwisho inatoa faili moja lenye mfumo mzima (ndiyo imeji), `sdcard.img`, unaliandika kwenye kadi. Kwa Zero W unaanza na `make raspberrypi0w_defconfig`. Kabla ya kujenga chochote nilifanya mambo mawili ambayo namshauri kila anayeishi kwa bando: nilihamisha folda ya vitu vilivyoshushwa (`BR2_DL_DIR`) nje ya folda ya Buildroot, kisha nikaendesha `make source` usiku ili ishushe kila kitu kwa mkupuo. Ujenzi wa kwanza ulichukua karibu saa mbili kwenye laptop yangu, maana unaanza kwa kujenga kompaila yenyewe, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine.

Programu yangu ilikuwa ya Python, kwa hiyo niliweka alama kwenye `python3`, na ikafanya kazi. Baadaye niliona haina maana kubeba lugha nzima kwa ajili ya kazi ndogo hivi. Nikaandika upya kwa lugha ya C, mistari isiyofika mia mbili. Nikarudi kwenye menyu, `make menuconfig`, nikatoa alama ya `python3`, nikaendesha `make`.

Saizi ikabaki ileile. Nikachungulia `output/target/usr/lib`, folda ya Python imekaa palepale. Nilipoteza jioni nzima nikidhani menyu haikuhifadhi chaguo langu. Kumbe Buildroot inajua kuweka vifurushi, yaani programu unazochagua, haijui kuviondoa. Ukitoa alama, maana yake ni kwamba ukianza upya hakitawekwa. Kilichokwisha wekwa kinabaki. Ni kama iliki kwenye pilau: ukishaitia huichomoi, unabandika sufuria nyingine. Sufuria nyingine hapa ni `make clean all`, inayofuta matokeo yote, pamoja na kompaila, na kuanza mwanzo. Kama ile folda ya vilivyoshushwa ingekuwa imefutika pia, ningelipia bando mara ya pili.

Kishawishi ni kuingia `output/target` na kufuta kwa mkono. Usifanye. Mle ndani kuna faili linaloitwa `THIS_IS_NOT_YOUR_ROOT_FILESYSTEM`, na waliolipatia jina hilo walikuwa wanasema na watu kama mimi. Ukirekebisha matokeo, `make clean` ijayo inafuta rekebisho lako. Rekebisha maelekezo, ambayo ndiyo yanayobaki.

Ndiyo maana programu yangu nayo niliigeuza kifurushi kamili, kwenye folda yangu nje ya Buildroot, ile inayoelekezwa na `BR2_EXTERNAL`. Nikaiita folda GHALA na kifurushi `baridi`. Faili lake la `.mk`, lenye maelekezo ya kukijenga, ni fupi:

```
BARIDI_SITE = $(BR2_EXTERNAL_GHALA_PATH)/package/baridi/src
BARIDI_SITE_METHOD = local

define BARIDI_BUILD_CMDS
	$(MAKE) CC="$(TARGET_CC)" -C $(@D)
endef

define BARIDI_INSTALL_TARGET_CMDS
	$(INSTALL) -D -m 0755 $(@D)/baridi $(TARGET_DIR)/usr/bin/baridi
endef

$(eval $(generic-package))
```

Angalia hiyo `TARGET_CC`. Mara ya kwanza niliisahau, na programu ikajengwa kwa kompaila ya laptop. Buildroot hukagua kila programu inayoingia kwenye imeji, ikagoma na kuniambia `baridi` ni ya x86-64 (prosesa ya laptop) wakati inatakiwa iwe ya ARM (prosesa ya kifaa). Nilishukuru, kwa sababu bila ukaguzi huo ningegundua nikiwa nimesimama mbele ya friza. Kitu kingine: ukibadili msimbo wako na kuandika `make` peke yake, hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa yenyewe inahesabu kifurushi hicho kimeshajengwa. Andika `make baridi-rebuild all`.

Kisha nikaendesha `make graph-size`, inayochora nani anakula nafasi kiasi gani. Nilitegemea kuona maktaba za C. Mzigo mkubwa ulikuwa moduli za kerneli, vipande vya kiini cha Linux vinavyoendesha vifaa: kamera, vipokezi vya TV, kadi za sauti. Nikaingia `make linux-menuconfig` nikapunguza, na usanidi huo nikauhifadhi kwenye GHALA kwa sababu ileile ya `make clean`.

Lililobaki lilikuwa kadi yenyewe. Kwenye menyu kuna chaguo la kufungua mfumo wa mafaili kwa kuandikwa wakati wa kuwaka. Nililitoa, mfumo ukawa wa kusomwa tu. Kumbukumbu za joto zikaenda kwenye sehemu ndogo ya pembeni, `/data`. Hapo Dropbear, ninayoitumia kuingia kwenye kifaa kutoka mbali badala ya OpenSSH, ikaanza kutengeneza funguo mpya kila kifaa kinapowaka, maana haikuwa na pa kuzihifadhi, na laptop yangu ikakataa kuiamini. Nikaweka kiungo cha `/etc/dropbear` kwenda `/data` kupitia folda ya overlay, ambayo Buildroot hunakili yaliyomo juu ya mfumo, hiyo nayo ndani ya GHALA.

Mambo mawili yalijitokeza nilipofunga kifaa dukani. Zero W haina saa inayoendelea umeme ukikatika, kwa hiyo mpaka intaneti irudi vipimo viliandikwa tarehe 1 Januari 1970. Nikaongeza saa ya DS3231 yenye betri yake. Na kipima joto cha DS18B20, kikisomwa kabla hakijamaliza kupima baada ya kupata umeme, hujibu nyuzi 85 kamili. Mama alipata ujumbe kwamba friza ya tatu ina nyuzi 85, akaja mbio na ndoo za barafu. Sasa programu inasoma mara mbili na kutupa jibu la kwanza.

Nilikaa pale dukani mchana mzima nikichomoa waya na kuurudisha, mara arobaini, huku mama akinitazama kwa mashaka. Kifaa kiliwaka mara zote arobaini. Wiki iliyofuata umeme ulikatika usiku. Asubuhi simu haikuita, nikapiga mimi.

"Nimeshahamisha samaki wa friza ya pili," akasema. "Ujumbe ulikuja saa kumi alfajiri. Ilikuwa imefika nyuzi sita chini ya sifuri."