Vidudu vyeusi kwenye vyungu vya maua: nilivyovimaliza

Vilikuwa vidogo kuliko mbu, na kila nikimwagilia maua ya sebuleni vinaniruka usoni. Nikapuliza dawa ya mbu wiki nzima. Vinakufa, kesho yake vipo tena.

Kumbe nilikuwa napigana na wazazi tu, watoto wako kwenye udongo. Nililaza kipande cha kiazi mbatata juu ya udongo siku 2. Nilipokigeuza, funza weupe wenye vichwa vyeusi wamejibandika chini yake. Nusura nitapike.

Wanapenda udongo wenye unyevu, nami nilikuwa namwagilia kila siku kama bustani ya mchicha! Nikaacha sentimita 3 za juu zikauke kabisa kabla ya kumwagilia tena, na maji nikayaweka kwenye sahani ya chini, chungu kinyonye, yanayobaki namwaga. Juu nikatandaza mchanga mkavu. Kwa wanaoruka, nilichomeka vipande vya plastiki ya njano nilivyopaka vaselini, wananasa wenyewe.

Ilichukua wiki 4, maana mayai yaliyokuwemo yaliendelea kuanguliwa. Mmea mmoja ulisinyaa kidogo kwa kiu, ila umeshachipua.