Falafeli isiyovunjika kwenye mafuta

Falafeli ni vidonge vya dengu za kusaga vinavyokaangwa, chakula cha Waarabu. Anayejua bajia za kunde ameshafika nusu ya njia. Kosa kubwa ni kuchemsha dengu: zikiiva, donge linalegea na kusambaratika karaini. Roweka gramu 250 za dengu kavu, zile kubwa nyeupe, kwa saa 12 hadi 18. Kwa joto la Mombasa weka bakuli kwenye friji, la sivyo maji yatachacha.

Chuja, kausha kwa kitambaa, kisha saga na kitunguu maji kimoja, chembe 4 za thomu, fungu la dania, kijiko cha chai cha bizari nyembamba na chumvi. Usisage mpaka iwe uji. Ibaki na chenga. Ipumzishe frijini nusu saa. Bado haishikani? Ongeza kijiko kimoja cha unga wa dengu, basi.

Finyanga vidonge, kisha kaanga kwa nyuzi 175, dakika 3 au 4. Mafuta yakiwa baridi zinanyonya. Yakiwaka sana zinaungua nje, ndani mbichi.

Za dukani zilizogandishwa zipashe kwenye oveni, maikrowevu huzilainisha.

Kando weka ufuta uliosagwa kwa ndimu, kachumbari, achari ya embe. Chatne ya ukwaju nayo inafaa, hata kama Mmisri, aliyezoea falafeli za kwao, atashangaa.