Kuiunganisha Ireland: kura ndiyo sehemu nyepesi

Mjadala wa Ireland mbili, ya kaskazini iliyo chini ya Uingereza na jamhuri huru ya kusini yenye makao Dublin, kurudi kuwa moja mara nyingi huishia kwenye kuhesabu Wakatoliki, kwa dhana kwamba kila Mkatoliki atachagua muungano. Sensa ya 2021 ilikuta asilimia 45.7 ya wakazi wa Ireland Kaskazini ni Wakatoliki au wamelelewa katika dini hiyo, dhidi ya asilimia 43.5 ya Waprotestanti na Wakristo wengine. Tangu matokeo hayo yatoke, wapo wanaoona kilichobaki ni kusubiri watoto wakue. Hesabu hiyo inadanganya. Tafiti za maoni za miaka ya karibuni zinaonyesha karibu nusu ya watu wa kaskazini wanataka kubaki Uingereza na takriban theluthi wanataka kuungana na kusini, maana yake Wakatoliki si wachache ambao bado hawajaamua. Watakaoamua matokeo ni hao wa katikati, na maswali yao ni ya mfukoni: pensheni nitalipwa na nani, daktari nitamlipa kiasi gani, mkopo wa nyumba utakuwa wa pauni au wa yuro?

Kwa maoni yangu jambo hili linawezekana, na baada ya muda mrefu litaifaa kaskazini kuliko hali iliyopo. Lakini bili ya miaka 10 hadi 20 ya mwanzo itakwenda kwa mlipa kodi wa kusini, na anayemwambia vinginevyo anamdanganya.

Tuanze na sheria, maana hapo hakuna fumbo kubwa. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 10 Aprili 1998 na Sheria ya Ireland Kaskazini ya mwaka huohuo vinasema waziri wa Uingereza anayesimamia Ireland Kaskazini anaweza kuitisha kura ya maoni wakati wowote, ila analazimika kufanya hivyo pale anapoona kuna uwezekano kwamba wengi watachagua kuungana. Wengi maana yake ni nusu na kura moja. Kura ikishindwa, nyingine haiwezi kuitishwa kabla ya miaka 7. Sheria haisemi waziri apime kwa kipimo gani: viti vya bunge, tafiti za maoni au sensa. Mahakama ya Rufaa ya Belfast ilikataa mwaka 2020 kumlazimisha atangaze vigezo vyake, kwa hiyo kufuli lipo na ufunguo uko mkononi mwa mtu mmoja London. Kura pekee iliyowahi kupigwa, ya Machi 1973, ilitoa asilimia 98.9 za kubaki Uingereza, lakini ni kwa sababu waliotaka kuungana waliisusia. Waliojitokeza ni chini ya asilimia 60.

Kusini nako lazima wakubali. Kifungu cha 3 cha Katiba ya Ireland, kama kilivyoandikwa upya baada ya 1998, kinataka ridhaa ya wengi katika kila upande.

Sasa fedha, ambako ndiko kwenye vita. Serikali ya Uingereza hutumia Ireland Kaskazini fedha nyingi kuliko kodi inazokusanya huko. Kabla ya korona pengo hilo lilikadiriwa kuwa kati ya pauni bilioni 9 na 10 kwa mwaka, kwa watu milioni 1.9. Wapinzani wa muungano huchukua tarakimu hiyo nzima na kuiweka mlangoni mwa Dublin. Hapo wanakosea, kwa sababu ndani yake mna vitu ambavyo si lazima vihame: mgawo wa riba ya deni la taifa la Uingereza, mgawo wa jeshi lake, na pensheni za wastaafu. Profesa John Doyle wa Dublin City University alivitoa vyote hivyo na kubaki na pengo la karibu yuro bilioni 3. Wachumi John FitzGerald na Edgar Morgenroth, katika ripoti yao ya Aprili 2024, walifika kati ya bilioni 8 na bilioni 20 kwa mwaka, kwa miaka kama 20.

Tofauti ya 3 na 20 haitokani na mmoja kujua hesabu na mwingine kutojua. Inatokana na maswali matatu ambayo bado hayana jibu.

La kwanza ni pensheni. Anayesema Uingereza itaendelea kulipa ana hoja: mtu aliyechangia mfuko wa bima ya taifa kwa miaka 30 ana haki, na leo hii London huwalipa wastaafu wake wanaoishi Dublin au Hispania. Ila mfuko huo hauna akiba ya kusema. Michango ya wafanyakazi wa leo ndiyo inayolipa wazee wa leo. Isitoshe, serikali ya Scotland, katika mpango wake wa uhuru uliotoka Novemba 2013, ilikubali yenyewe kubeba pensheni za serikali za watu wake. Mpatanishi wa London ataanzia hapo. Nadhani mwisho wake utakuwa mgawanyo unaopungua mwaka hadi mwaka: London italipa stahili zilizokwisha kuchumwa hadi siku ya muungano, Dublin italipa zitakazochumwa baada ya hapo.

La pili ni deni. Ireland inaweza kusema haikukopa, na kwamba kaskazini haikuwa na sauti katika kukopa huko. Sheria ya kimataifa haina kanuni inayokata shauri, kwa hiyo deni litakuwa karata ya kubadilishana na pensheni. Asiyeviweka mezani pamoja atapoteza vyote viwili.

La tatu ndilo zito kuliko yote, na husahaulika kwa sababu halina adui wa kulaumiwa: je, mishahara na mafao ya kaskazini yatapandishwa yalingane na ya kusini? Pensheni kamili ya serikali mwaka 2025 ilikuwa yuro 289.30 kwa wiki kusini na pauni 230.25 kaskazini, hapo pengo si kubwa. Lakini mwaka huohuo asiye na kazi kusini alipata yuro 244 kwa wiki, wakati posho ya msingi ya mtu mzima asiye na mwenza kaskazini ilikuwa kama pauni 92, kabla ya msaada wa kodi ya nyumba. Mwalimu, muuguzi na polisi wa kusini nao hulipwa zaidi. Huwezi kuwa na nchi moja yenye walimu wa daraja moja wanaolipwa mishahara miwili kwa miaka mingi. Vyama vya wafanyakazi vitakwenda mahakamani mwaka wa kwanza. Na ukiwapandisha wote siku moja, unafika kwenye ile bilioni 20. Njia inayobebeka ni ratiba ya miaka 10 hadi 15, iliyochapishwa kabla ya kura, kila daraja na mwaka wake.

Ujerumani hutajwa sana hapa, na somo lake ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 1 Julai 1990 mishahara ya mashariki ilibadilishwa kuwa marka za magharibi kwa kiwango cha moja kwa moja, na viwanda vikajikuta vinalipa gharama zisizolingana na vinachozalisha, vikafa. Kaskazini haina tatizo hilo la sarafu. Pauni inauzwa sokoni kila siku, kwa hiyo inatosha kuchagua tarehe na kiwango cha soko. Ireland yenyewe ina uzoefu: yuro taslimu iliingia 1 Januari 2002 na pauni ya Ireland ikaacha kutumika 9 Februari. Kinachofanana na Ujerumani ni hatari ya kupandisha malipo haraka kuliko uzalishaji, na uzalishaji wa kaskazini uko nyuma sana, kwa sababu mojawapo kubwa: vijana wengi mno wanaacha shule mapema, na watoto huchujwa kwa mtihani wakiwa na miaka 10 au 11.

Hapo ndipo faida ilipo, kama ipo. Kampuni hulipa kodi ya asilimia 12.5 kusini, au 15 ikiwa kubwa, dhidi ya 25 Uingereza. Kaskazini ingepata kiwango hicho pamoja na uanachama kamili wa Umoja wa Ulaya. Viongozi wa Umoja walishatamka Aprili 2017 kwamba eneo lote la Ireland iliyoungana litakuwa ndani, bila maombi mapya. Lakini kodi ndogo bila mafundi haivuti kiwanda. Matokeo ya shule yanachukua kizazi, na ndiyo maana siamini hesabu yoyote inayoahidi faida ndani ya miaka mitano. Tena, ziada ya bajeti ya Dublin inategemea kodi ya kampuni chache kubwa za Kimarekani. Zikihama, mfuko wa kulipia muungano unahama nazo.

Afya ni suala la kura kuliko la bajeti. Kaskazini humwoni daktari wa familia kwa pesa. Kusini, asiye na kadi ya serikali ya matibabu ya bure hulipa yuro 50, 60 au zaidi kila anapokwenda, ingawa watoto chini ya miaka 8 wameondolewa malipo. Upande wa pili, foleni za upasuaji za kaskazini ndizo ndefu kuliko zote Uingereza. Dublin imekuwa ikiahidi mfumo wa afya kwa wote tangu 2017 chini ya mpango wa Sláintecare. Ukikamilika, hoja moja kubwa ya kubaki inakufa. Usipokamilika, sioni kura ya ndiyo ikipita.

Mambo ya mitambo hayanitishi. Soko la jumla la umeme la kisiwa kizima ni moja tangu Novemba 2007. Reli zote zina upana uleule wa milimita 1600. Kituo cha saratani cha Altnagelvin, Derry, hutibu wagonjwa wa Donegal walio ng'ambo ya mpaka. Vibao vya mwendo vitabadilishwa kutoka maili kwenda kilomita, kama kusini walivyofanya Januari 2005.

Bunge litahitaji jengo kubwa zaidi. Katiba inataka mbunge mmoja kwa watu kati ya 20,000 na 30,000, kwa hiyo watu milioni 7 watadai wabunge wasiopungua 234, dhidi ya 174 wa sasa. Jambo hili si dogo kwa wafuasi wa Uingereza: leo eneo lao zima lina viti 18 tu kati ya 650 London, na sauti yao husikika kwa nadra. Katika bunge la Dublin lenye vyama vingi na serikali za mseto, kundi la wabunge 25 au 30 linaweza kuamua nani awe waziri mkuu. Ajabu ni kwamba wanasiasa wao hawaligusi kabisa.

Polisi, bendera na wimbo wa taifa vitaleta kelele nyingi, na tafiti zinaonyesha ni watu wa kusini wanaogoma kubadilisha alama zao. Kuna pia kiwanda cha Thales cha Belfast kinachounda makombora. Taifa linalojiita lisiloegemea upande wowote kijeshi litakirithi, na sijasikia mpango wowote juu yake.

Mpangilio wa hatua ndio utakaoamua. Kwanza Dublin ichapishe muundo: Stormont, yaani bunge la kaskazini, ibaki au ivunjwe, ratiba ya mishahara, mfumo wa afya, uraia wa Uingereza kwa wanaoutaka, ambao mkataba wa 1998 unaulinda hata baada ya kuhama. Kisha London na Dublin zitie saini makubaliano ya awali juu ya pensheni na deni. Ndipo kura. Waliopiga kura Uingereza itoke Umoja wa Ulaya 2016 walichagua neno moja, kisha wakabishana miaka mitatu na nusu lina maana gani; Ireland Kaskazini, iliyokataa kutoka kwa asilimia 55.8, ndiyo iliyoumia zaidi na ubishi huo.

Na pande zote mbili zipige kura siku moja. Kaskazini ikisema ndiyo kwanza, halafu kusini, baada ya kuona bili, ikasema hapana, Belfast itabaki chini ya Uingereza ambayo imeshaikataa kwa kura, na hakuna kifungu cha mkataba kinachoeleza kinachofuata.