Nimfundishe nini?

Tangu Jumapili neno la mama halijanitoka. Wiki imekuwa na mambo yake: mdogo wangu kaposa na kakubaliwa, na ile barua ya kuthibitishwa kazini mliyokuwa mkiniombea imetoka. Nimefurahi, alhamdulillahi. Lakini nikiweka kichwa kwenye mto nalisikia lile lile.

Tulikuwa Jambiani, kijijini kwetu pwani ya mashariki ya Unguja, bamvua, maji yametoka mpaka mbali. Mama na shoga zake wamekaa kivulini wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Binti yangu akaokota taitai, kile kiuzi cha kufungia mbegu, akasema, "Bibi, nifundishe na mimi." Mama akamtoa kamba mkononi, kwa upole, akamwambia akacheze.

Nikasema, "Mama, mwache ajifunze. Mimi ulinifundisha ningali mdogo kuliko yeye."

"Wewe nilikufundisha kazi," akanijibu bila kuinua uso. "Huyu nimfundishe nini? Kuokota vilivyooza?"

Shoga zake hawakusema kitu. Wangecheka, au mmoja angemwambia "Astaghfirullah, usiseme hivyo," ningejua ni uchovu tu. Walinyamaza wote, wakaendelea kufunga.

Mnaomjua mama mnajua hajapata kumnyima mtu ujuzi wake. Mwani wa biashara ulianza huku kwetu na Paje mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, naye alikuwa ndiyo kwanza kaolewa. Kabla ya mwani, bibi yangu alifukia makumbi ya nazi pwani, akayafukua, akayapiga, akasokota kamba. Pesa ya mwani ndiyo ya kwanza mama kuishika bila kumwomba mtu. Ndiyo iliyoezeka bati nyumba yetu, na ndiyo iliyonipeleka skuli. Kazi nzima, pamoja na nyimbo zake, ugomvi wa mipaka ya mashamba na kuhesabiana kilo, imezaliwa yeye akiwa mtu mzima, na sasa anaiona ikimfia mikononi.

Kotoni, ile aina ya mwani yenye bei, ilianza kufa miaka ya 2000. Vitawi vinapauka, vinalainika, vinakatika. Maji yetu, kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe, ni ya kina kifupi, na jua la kaskazi likiyakuta yamepwa, mguu wenyewe unahisi moto. Dkt. Flower Msuya, aliyeutafiti mwani wetu miaka mingi, ameeleza mara nyingi kwamba kotoni haivumilii joto hilo. Wanawake wakabaki na spinosamu, aina nyingine, ya bei ya chini, na kaskazi hii shamba la mama hata hiyo imepukutika. Kinachoniuma zaidi ni kwamba waliochoma mafuta mpaka bahari ikapata joto wako mbali nasi, wanapiga mswaki kwa dawa ya meno iliyogandishwa kwa mwani, wala hawajui kuna mwanamke aliyeinama majini tangu alfajiri kwa ajili yake.

Nimelirudia neno lile kwa kila sauti. Kwa hasira, si lake. Kwa uchovu, linakaribia. Ninachoogopa ni kwamba alilisema kwa hesabu, baada ya kufikiri sana.

Halafu Alhamisi akanipigia.

"Nitafutie surwali ya kuingilia majini, na fulana ya mikono mirefu. Isinibane, mimi mtu na wajukuu zangu."

"Ya nini, mama?"

"Tunafundishwa kuogelea. Kwenye kina maji yana ubaridi, wanasema kotoni huenda ikaishi huko."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakawa machozi kweli. Mama yangu! Maisha yake yote bahari imemfika kiunoni, ikizidi hapo anarudi. Sasa anataka kwenda kwa ngalawa hadi pasipo na chini ya kukanyaga. Nilipotoka kazini nilipita sokoni Darajani moja kwa moja, nikapata surwali ya buluu iliyoiva, nzito, ya heshima. Fulana bado.

Nina furaha kubwa na nina hofu. Kuhusu mtoto hakusema neno, nami sikuuliza. Mtoto mwenyewe anafunga mafundo kwenye kila uzi anaouona humu ndani, hata kamba za viatu vya baba yake.