Miezi ya Mshtarii kutoka uani

Darubini yangu ni ile ya macho mawili, imeandikwa 10x50 ubavuni: inakuza mara 10, na kila lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Kwa wiki nzima nilidhani ni mbovu. Kila nikiielekeza kwenye sayari ya Mshtarii, naona kidoa cheupe kinachochezacheza kama inzi aliyenaswa. Kumbe mbovu ilikuwa mikono yangu.

Jana nikaegemeza viwiko kwenye mgongo wa kiti, nikabana pumzi. Kidoa kikatulia, kikawa kiduara, na pembeni yake vinukta vitatu vimejipanga kama shanga kwenye uzi: viwili kushoto, kimoja kulia. Miezi hiyo! Galileo, mwanaastronomia wa Italia, aliiona minne Januari 1610, kwa chombo ambacho, nikisema kweli, nisingekubali kubadilishana na hiki changu. Mmoja nadhani ulikuwa umejificha nyuma ya sayari, au umemezwa na mwanga wake. Io, mmoja wa miezi hiyo minne, huizunguka Mshtarii kwa saa 42 hivi, kwa hiyo leo mpangilio umeshabadilika. Nimeuchora wa jana kwenye daftari ili nilinganishe.

Zohali ilinivunja moyo. Kwa ukuzaji huu pete hazionekani, ni nukta tu ya rangi ya dhahabu. Nikahamia Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana. Kwa macho matupu nahesabu nyota sita. Kwenye darubini zilifurika mpaka nikaacha kuhesabu.

Zima taa ya uani dakika 20 kabla, macho yazoee giza. Mimi husahau, halafu nalaumu mawingu.